Sakafu ya Adero

Ukitaka kumjua Selpha, usimtazame usoni. Usoni ni mama wa kanisa kama wengine: kitambaa cheupe kichwani, miwani iliyofungwa kwa uzi, na mdomo usiojua kukaa bure. Mtazame magoti. Ngozi ya magoti yake ilikuwa nene na nyeusi kama ya kisigino, na aliipata kwa miaka hamsini ya kupiga magoti. Si kwa ajili ya maombi, ingawa alikuwa mwombaji. Alipiga magoti kusiriba sakafu.

Nyumba yenyewe iko Nyamware, pale lami ya kutoka Kisumu inapochoka na kugeuka matope, na kutoka mlangoni hadi ziwani ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Aliijenga baba mkwe wake, Mzee Oluoch, mwaka wa hamsini na moja, alipokuwa karani wa meli. Matofali ya kuchoma yaliyoshikanishwa kwa udongo, mabati mazito yasiyopatikana tena siku hizi, na veranda yenye nguzo sita. Enzi hizo watu wakienda upande ule walisema wanakwenda "kwa veranda", na hakuna aliyeuliza veranda ipi. Mzee alikuwa na kila kitu cha kujivunia isipokuwa sakafu. Simiti aliyoagiza ililowa melini ikawa jiwe kabla haijashushwa. Akasema atanunua nyingine. Hakununua. Basi nyumba ikabaki kama bibi arusi aliyevaa gauni la harusi na kusahau viatu.

Kazi ya sakafu ikawa ya mkewe, Adero. Kila Ijumaa alichanganya samadi mbichi ya ng'ombe na udongo mweusi, akapiga magoti, akaanza kuipaka nyumba nzima kutoka chumba cha nyuma hadi kizingitini.

Selpha aliolewa humo mwaka wa sabini na nne, msichana wa miaka kumi na minane kutoka Bondo. Wiki ya kwanza tu mama mkwe akamwekea karai mbele.

"Sukuma kwa kiganja," Adero alimwambia. "Vidole vinaacha mistari. Na ukimaliza usiende zako. Angalia inavyokauka."

"Ninaangalia nini, Mama?"

"Jua likiwaka, inakauka siku moja. Ikilala na unyevu hadi siku ya pili, ni ziwa linapita huko chini, liache lipite. Siku ya tatu ukiweka kiganja na kikatoka na maji, usimwulize mtu. Chukua watoto uondoke."

Selpha akaitikia vizuri, kama mabibi arusi wote wanavyoitikia, huku akili yake yote ikiwa mgongoni. Aliyoambiwa aliyaelewa baadaye, kwa vipande. Adero hakuwa mganga wala mtabiri. Mwaka wa sitini na mbili, ziwa lilipofura, alikuwa amewapandisha watoto wake kwenye mwinuko wa shule siku mbili kabla maji hayajafika uani. Jirani aliyemcheka akazika watoto wawili. Adero hakujisifu kwa hilo hata siku moja. Ila mara nyingine, katikati ya chakula, alitazama upande uliokuwa na boma la jirani yule, akalirudisha tonge sahanini.

Na Selpha mwenyewe aliona. Mvua kubwa za mwaka wa tisini na saba, siku ya tatu kiganja kikatoka na maji, akamshika mwanawe Calvince mkono wakaenda kulala shuleni. Maji yakapanda hadi veranda, yakakaa wiki nzima, yakarudi. Nyumba ikakauka kama ng'ombe aliyetoka mtoni, ikaendelea kuishi. Mwaka wa elfu mbili na ishirini, ziwa lilipowahamisha watu wengi ufuoni, sakafu ilikaa siku mbili ikakauka ya tatu, na maji yakaishia kwenye ua. Ninayasema haya mapema kwa sababu mbele mtataka kumwonea huruma. Sitawazuia. Lakini mjue kwamba mama huyu alikuwa anajua.

Adero alikufa, akazikwa upande wa kushoto wa nyumba. Mume wa Selpha naye akamfuata. Selpha akaendelea kuuza dagaa wa omena katika soko la Kibuye, miaka thelathini, na kila Ijumaa akipiga magoti. Magoti yakaanza kudai haki yao. Hata hivyo si magoti yaliyoiua ile sakafu. Kilichoiua ni leso.

Ilikuwa hivi. Akina mama wa kanisa hukutana kila mwezi nyumbani kwa mmoja wao. Mwezi ule walikuwa kwa Jacinta, rafiki yake na mshindani wake tangu sokoni, ambaye watoto walikuwa wamemjengea nyumba ya vigae. Wakavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Wakanyata kama wanaoingia hospitalini, wakasema "aah" kwa sauti ndogo. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Selpha. Alikuwa amesiriba jana yake, sakafu imekauka vizuri, imelala kama ngozi ya ngoma. Akaingia mama mmoja, mke wa mwalimu, akatafuta pa kuweka mkoba wake. Akafungua leso, akaitandika chini, ndipo akauweka mkoba juu yake.

Hakusema neno baya. Aliomba hata chai ya pili. Lakini Selpha aliitazama leso ile mkutano mzima, na usiku ule alilia kwa hasira.

Kuanzia hapo alimsumbua Calvince miaka sita. Calvince ni fundi wa lifti Nairobi, mtu mpole, anayezungumza na mitambo zaidi kuliko anavyozungumza na watu. Yeye hakutaka kuigusa nyumba ya babu yake.

"Mama, hii nyumba ni ya historia," alimwambia kwa simu. "Watu wa chuo walikuja mpaka wakaipiga picha. Na mimi hiyo sakafu naipenda, ile harufu yake ya Ijumaa."

"Wewe unaipenda kwa sababu uko Nairobi. Njoo uisiribe basi."

"Nitakutafutia mtu wa kukusaidia."

"Calvi, unataka nife nikinuka ng'ombe?"

Mtoto gani atajibu swali hilo? Akakubali. Na alipokubali alifanya kwa moyo wote. Veranda na nguzo zake hakuzigusa, madirisha ya mbao akayapaka mafuta, mabati ya zamani akayarudisha yale yale. Ndani ndiko alikoleta dunia ya leo: umeme wa jua, dari nyeupe, jikoni yenye sinki, choo cha kukaa mle mle ndani, kuta zilizopigwa lipu ya simiti zikawa laini kama yai, na vigae vyeupe kutoka mlango hadi mlango.

Fundi alikuwa Mburu, mtu wa Murang'a aliyehamia Migosi miaka ishirini iliyopita na kuozesha binti zake hapo. Mtu makini. Kabla hajashusha hata ndoo, alichuchumaa kwenye sakafu ya Adero, akachimba kidogo kwa mwiko, akaonja udongo kwa vidole.

"Mama, hii chini iko aje? Maji hupanda hapa?"

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Selpha alijua kwamba akisema ndiyo, Mburu atataka mawe, kokoto, karatasi ya nailoni na kuinua nyumba nzima futi mbili. Itakuwa kazi ya miezi. Na Calvince akipewa miezi ya kufikiri, atabadilisha nia. Aliona leso ya mke wa mwalimu.

"Hapa ni kavu," alisema. "Kavu tangu wakati wa mzungu."

Mburu akamtazama, akatazama upande wa ziwa, akatikisa kichwa kukubali. Mama mwenye nyumba amesema. Yeye ni nani?

Selpha hakujiona mwongo. Alijiambia jikoni ya zamani ingali ipo kule nje, ile ya udongo na nyasi, na kwamba huko atasiriba kila Ijumaa na kuangalia. Ilikuwa mpango mzuri. Septemba hiyo akaitwa kwenye matanga Bondo, akakaa siku tatu. Aliporudi alikuta vigae vimelala ndani kama maziwa yaliyomwagwa, na pale palipokuwa jikoni pana tangi la maji taka lililofunikwa kwa zege.

"Calvi alisema ile jikoni haina kazi tena," Mburu alimweleza, akijifuta mikono.

Angeweza kusema siku ile. Fundi alikuwa hapo, mchanga ulikuwa bado hapo. Alivua viatu, akaingia ndani pekupeku, baridi ile safi ikapanda miguuni, akasahau. Au alijisahaulisha.

Miezi ya kwanza alifurahi, na nani atamnyima? Alipiga deki akiwa wima, kwa mti mrefu, akiimba. Jacinta alikuja, akavua viatu, akazunguka vyumba vyote bila kusema kitu, na kimya kile kilikuwa kitamu kwa Selpha kuliko sifa. Ijumaa tu ndizo zilizomsumbua. Aliamka mapema, mikono ikawa haijui iende wapi. Alizunguka vyumbani akitazama chini. Vigae viling'aa siku ya jua, viling'aa siku ya mvua. Mwaka mzima vingekuwa na uso mmoja.

Mvua za masika zikaja, zikawa nyingi. Aprili choo cha ndani kikaanza kunguruma chenyewe, bila mtu kukitumia, na maji yakawa yanasimama juu kuliko kawaida. Kwenye kuta, shubiri moja kutoka chini, ukajichora mstari mweupe wa chumvi. Aliufuta kwa kitambaa. Baada ya wiki ulirudi, umepanda shubiri mbili. Mlango wa chumba cha nyuma, chumba alichofia Adero, ukavimba na kukataa kufungika. Siafu wakaanza kuhama, mstari mrefu unaotoka chini ya ukuta na kuelekea barabarani, usiku na mchana, wakiwa wamebeba mayai yao.

Selpha aliyaona yote, na kila moja akalitafutia jina lingine. Choo ni kipya, kitazoea. Chumvi ni simiti inakauka. Siafu ni siafu.

Aliyeleta jina kubwa ni shemeji yake Oduor, mdogo wa marehemu mumewe. Oduor alikuwa na kinyongo tangu mwanzo, kwa kuwa hakuitwa. Kwa mila, nyumba ya mtu aliyekufa haifunguliwi paa wala haitobolewi ukuta kabla mzee wa ukoo hajatangulia kuingia. Ukiruka hatua hiyo unajiletea chira, ile laana inayokula nyumba polepole na watu wake pamoja nayo.

"Mlango unakataa, siafu wanahama," Oduor alisema, akihesabu kwa fimbo. "Unataka uambiwe na nani tena, Mama Calvince? Hii ni chira. Nyumba ya kaka yangu mmeifungua kama mkebe."

Selpha alifungua mdomo wake usiojua kukaa bure. Kisha akaufunga.

Mnaelewa kilichompata? Alikuwa amebeba mzigo wake peke yake, na ghafla amekuja mtu kumwambia kwamba mzigo ule ni wa mila. Akauachilia. Calvince akapanda gari kutoka Nairobi, nusu anaamini nusu haamini, akanunua jogoo na akaomba msamaha kwa baba yake mdogo. Oduor akanyunyiza maji ya manyasi, ile dawa ya kutakasa, kwenye kila pembe, akaingia wa kwanza, akaketi kwenye kiti cha kaka yake. Watu wakala. Selpha alipewa paja, akalila lote, akalamba vidole. Ndugu wakaondoka wamepoa mioyo, na tarehe ya kufungua nyumba rasmi ikapangwa: Jumamosi ya mwisho ya Mei. Watakuja wachungaji, watakuja akina mama wa kanisa, na wajukuu kumi na mmoja wa ukoo watalala kwa mara ya kwanza katika nyumba ya babu wa baba zao. Rachael, mke wa Calvince, alikuwa amekataa watoto walale humo kabla haijaombewa.

"Tutawaweka kile chumba kikubwa cha nyuma," Rachael alisema. "Magodoro chini, wote pamoja. Watapenda sana, Mama."

"Watapenda," alisema Selpha.

Mvua zikakatika Nyamware. Lakini kule juu milimani, upande wa Nandi, mbingu ilibaki nyeusi wiki mbili zaidi, na mito yote ya kule haina pengine pa kwenda isipokuwa kwetu.

Jumanne ya wiki ile Mburu alikuja kuranda mlango uliovimba. Alipomaliza alianza kugonga vigae kwa mpini wa mwiko, kimoja kimoja, kama daktari anayegonga kifua. Karibu na mlango wa mbele vililia vikavu. Sebuleni vikalia vizito. Chumba cha nyuma vilitoa sauti ya mtungi.

"Mama, hii haijashika chini. Iko na kitu huko." Alichuchumaa, akaweka sikio. "Wacha nivunje moja tu, nione. Naweka ingine leo leo, hakuna mtu atajua."

"Usivunje kitu. Jumamosi niko na wageni."

"Mama, nilikuuliza."

"Uliuliza na nikakujibu."

Mburu aliinuka polepole. Alitaka kusema neno, lakini alikuwa mtu wa heshima, na mama huyu alikuwa na umri wa mama yake. Akakusanya vyombo vyake. Selpha alibaki katikati ya chumba, na woga ukamshika kwelikweli, kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa tisini na saba.

Jumatano alfajiri alikwenda kwa Jacinta akaomba samadi ya ng'ombe.

"Ya nini?" Jacinta alishangaa. "Wewe si uko na tiles?"

"Ya maua," alisema Selpha.

Kando ya tangi la maji taka, pale palipokuwa jikoni yake, kulikuwa na kipande cha ardhi ukubwa wa mkeka. Akapiga magoti, magoti yakalia, akasukuma kwa kiganja. Jua lilikuwa kali hata mbuzi walitafuta kivuli. Kufikia jioni pangepaswa kuwa pakavu kama chapati.

Alhamisi palikuwa pabichi. Akajiambia ni tangi linavuja. Akamwomba Mungu liwe ni tangi.

Ijumaa palikuwa pabichi. Ziwa linapita huko chini, akajiambia, liache lipite, Adero mwenyewe alisema. Alipafunika kwa karai kuukuu, mtu asione. Mchana simu ya Calvince ikaja: wamefika Kisumu, watalala kwa dada yake Rachael, kesho saa nne wako hapo na watoto wote. Sauti yake ilikuwa na furaha ya mtoto. Selpha alitaka kumwambia. Akamwuliza kama wamekula.

Jumamosi aliamka kabla ya jogoo, akatoa karai, akaweka kiganja. Akakiinua. Maji yalikuwa yamesimama katika mistari ya mkono wake, maji safi, baridi, yenye harufu ya magugu ya ziwa.

Usimwulize mtu. Chukua watoto uondoke.

Alinawa mkono, akavaa sare ya kanisa.

Wageni walikuja wengi. Hema lilisimamishwa uani, wachungaji wawili wakaomba kwa zamu, Oduor akapewa kiti cha mbele. Mke wa mwalimu alikuja pia, akavua viatu mlangoni, akauweka mkoba wake chini juu ya vigae bila leso yoyote. Miaka sita Selpha alikuwa ameota tukio hilo. Alilitazama na halikuwa na ladha.

Kisha Calvince akashika kipaza sauti, yeye asiyependa kusema.

"Nyumba hii babu aliijenga," alisema, "lakini aliyeiweka hai ni Mama. Miaka hamsini kwa magoti. Mimi nimesema, Mama asipige magoti tena isipokuwa mbele ya Mungu." Watu wakapiga vigelegele. Selpha akainama, na wakadhani ni machozi ya furaha. Angesimama vipi baada ya maneno hayo? Mficha maradhi kilio kitamfichua, ndivyo wasemavyo, na yeye alikuwa tayari anakisikia kilio, akawa anangoja tu kijulikane ni cha nani.

Saa kumi jioni wachungaji walikuwa kwenye chai ya mwisho. Rachael aliingia chumba cha nyuma na kutandika magodoro, ukuta hadi ukuta. Watoto wakajitupa juu yake kwa makelele. Selpha alisimama mlangoni. Aliwahesabu, kumi na mmoja, akawahesabu tena.

Anyango, binti mdogo wa Calvince mwenye miaka sita, akaruka kutoka kwenye godoro lake la pembeni akijishika gauni.

"Mami, imelowa!"

Rachael akaligusa godoro. "Anyango! Nimesema nini kuhusu soda huku ndani?"

"Sijamwaga soda!"

"Na hii ni nini? Unaona vile umeharibu nyumba ya Dani, nyanya yako?"

"Si mimi! Mami, si mimi!" Mtoto alianza kulia, ule uchungu wa mtu anayesema kweli na hana shahidi. Rachael akamshika mkono amtoe nje.

Selpha angeweza kuvumilia mila ilaumiwe. Mila ina mabega mapana. Mtoto yule alikuwa amefikisha umri wa kung'oka meno ya utoto tu.

"Mwache," alisema. "Si soda." Akageuka, akaita kwa sauti iliyonyamazisha hema zima. "Mburu! Ile uliyotaka kuvunja, njoo na nyundo."

Mburu alikuwa verandani na kikombe chake. Hakuuliza. Alitoa nyundo kwenye sanduku la pikipiki yake, na Selpha akampokonya. Akapiga magoti na sare yake ya kanisa, Calvince akikimbia kumzuia, "Mama, unafanya nini? Mama!" Alipiga mara tatu. Kigae kikapasuka, akachomoa vipande kwa vidole.

Maji hayakuruka. Yalipanda taratibu tu, yakajaza lile shimo la mraba, yakasawazika na ukingo kama chai iliyomiminwa na mtu mwenye adabu. Kisha yakapita ukingo, yakaanza kutafuta njia kati ya magodoro.

Kwa mbali kidogo Oduor alisema, "Chira. Nilisema mimi. Ile manyasi ilikuwa kidogo."

"Nyamaza, Oduor. Hakuna chira. Kuna ziwa, na kuna mimi." Alikuwa bado kwenye magoti, damu ikimtoka kidoleni. "Huyu fundi aliniuliza kama maji hupanda hapa. Nikamwambia ni kavu. Jumanne akataka kuvunja, nikamkataza. Kuku mlimla bure, na mimi nikala na nyinyi. Nilijua. Mama Adero alinifundisha, na nilijua."

Calvince alichuchumaa kando ya mama yake. Aliweka kiganja ndani ya maji, akakiinua, akakitazama kama alivyomwona akifanya alipokuwa mvulana.

"Ni siku ya ngapi, Mama?"

"Ya tatu."

Akapumua. "Basi bado tuko na—"

"Nimehesabu tatu kwa sababu nilianza kuhesabu Jumatano," alisema Selpha. "Sakafu niliifunika Septemba. Sijui ni siku ya ngapi, nyathina, mwanangu. Toa watoto."

Akawatoa. Alibeba wawili, Mburu wawili, Rachael akambeba Anyango, na katika nusu saa hapakuwa na mtu chini ya mabati yale. Watu walibeba viti, masufuria, Biblia, magodoro. Wengine waliona ni kichaa, na walisema hivyo njiani, maana jua lilikuwa bado linawaka na ardhi juu ilikuwa kavu kabisa. Walipanda hadi kwa Jacinta, kwenye mwinuko, na huko wakalala kama walivyoweza.

Jumapili asubuhi, ibada ya kwanza ilipokuwa inaanza, ukuta wa chumba cha nyuma ulianguka. Haukuanguka kwa kishindo, walioona walisema ulikaa chini kama mzee aliyechoka. Udongo ulioshika matofali ya Mzee Oluoch ulikuwa umekunywa maji miezi, na lipu ya simiti ilikuwa imeuziba usipumue. Paa likafuata upande ule. Kufikia saa sita ziwa lilikuwa uani, na nguzo tatu za veranda zilikuwa zimesimama ndani ya maji.

Calvince na Mburu walikwenda kuangalia kwa mtumbwi. Waliporudi, Mburu ndiye aliyesema. Matofali yote yalikuwa yameangukia ndani. Na chini ya matofali walikuwa wameona godoro moja. Lile la pembeni, lililolowa, ambalo hakuna aliyetaka kulibeba.

Rachael aliweka mikono kichwani. Kisha akaja pale Selpha alipokuwa ameketi, kwenye kizingiti cha Jacinta, akampigia magoti na kumkumbatia miguu. "Asante, Mama," alisema, akilia. "Asante. Umeniokolea watoto."

Selpha alimtoa mikono, mmoja, halafu mwingine. Uso wake ulikuwa umezeeka kwa usiku mmoja.

"Usinishukuru," alisema. "Nisaidie kuinuka. Twende kwanza tumwombe mtoto msamaha wa ile soda."